Palitana: mlima wenye mahekalu zaidi ya 800, na jua likizama hakuna mtu anayebaki juu

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nimeshika vitabu vya hesabu miaka kumi na tatu katika duka moja la jumla hapa Mombasa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi wa dini ya Kijaini. Ukutani nyuma ya kiti chake kuna picha ya mlima uliojaa minara, na kila asubuhi kabla hajafungua kasha la pesa huisimamia ile picha, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa pili nikamuuliza. Akaniambia, "Huo ni Shatrunjaya. Mama yangu alinibeba mgongoni kunipandisha."

Basi ikatokea nimempeleka mama yangu mzazi Ahmedabad, India, kwa upasuaji. Alipopata nafuu, akabaki na dada yangu, nami nikapanda basi kwenda Palitana kuuona mlima wa ile picha. Niliyoyaona huko, pamoja na niliyosimuliwa na mzee na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayoyaleta hapa. Ni marefu, nitayakata vipande.

Palitana ni mji mdogo wilaya ya Bhavnagar, jimbo la Gujarat, kwenye rasi ya Saurashtra ambayo wengine huiita Kathiawar. Ni rasi ile ile walikotoka Waoshwali, watu wa vijiji vya karibu na Jamnagar waliokuja kufungua maduka Kenya tangu mwisho wa karne ya 19. Mlima wenyewe unasimama kando ya mji, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ngazi zake ni za mawe, zaidi ya 3,500, na mwendo wake ni kama kilomita tatu na nusu.

Nilianza saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Watu wengi sana, kimya. Karibu wote miguu mitupu, wengi wamevaa nyeupe. Ngozi haipandi: nilivua mkanda na makubadhi nikaviacha chini. Chakula hakiliwi mlimani. Wazee na wagonjwa wanabebwa kwa machela, kiti kilichofungwa kwenye mti, wanaume wawili au wanne chini yake, na hao wabebaji jasho lao lilikuwa linadondoka kwenye ngazi mbele yangu. Nilimwona bibi mmoja aliyekataa machela. Anapanda ngazi tano, anasimama, anasema maneno fulani kwa sauti ndogo, anapanda tano nyingine.

Ukifika sehemu inayoitwa Hinglaj mlima unakaza kweli kweli. Wana msemo wao wa vina kwa Kigujarati kwamba ukifika Hinglaj weka mkono kiunoni upande. Kila mtu nyuma yangu alikuwa ameweka mkono kiunoni.

Juu, jua linatoka, nikaona ile picha ya dukani ikiwa hai. Mahekalu zaidi ya 800, makubwa na madogo, yamezungushiwa kuta katika makundi tisa wanayoyaita "tuk". Minara juu ya minara. Huo ni mji, lakini hauna jiko, hauna kitanda, hauna mtoto anayelia. Jioni makuhani wenyewe hufunga malango wakashuka. Hakuna anayelala mle.

Nakuja na asili yake.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimeshakaa mkeka wa mbele. Swali moja kabla hujaendelea: Wajaini si ni Wahindu hao hao? Na huyo wanayemwabudu mlimani ni nani?

#3 Mleta uzi

Asante ndugu. Hapana, ni dini ya peke yake. Hawaamini Mungu muumba. Wanaamini roho imefungwa na matendo yake yenyewe, inazaliwa na kufa na kuzaliwa tena, mpaka ijisafishe na kufunguka. Kufunguka huko wanakuita moksha. Waliofika na kuwaonyesha wengine njia wako 24, nao ni Tirthankara, maana yake mwenye kujenga kivuko. Sisi watu wa Likoni neno kivuko tunalielewa vizuri. Wa mwisho ni Mahavira. Wa kwanza ni Rishabha, ambaye pia huitwa Adinatha, Bwana wa Mwanzo, na mlima huu ni wake.

Jina Shatrunjaya maana yake ni mshinda maadui. Nilidhani kuna vita vilipiganwa pale. Mzee akanirekebisha: maadui wenyewe ni hasira, kiburi, hila na tamaa. Hakuna mwingine.

Sasa kisa. Rishabha alikuwa mfalme. Wanasema yeye ndiye aliyewafundisha watu kulima, kuandika na kazi za mikono. Akaacha ufalme, akawa mtawa, akatembea bila kusema. Watu walimpenda lakini hakuna aliyejua mtawa anapewa nini. Wakamletea farasi, vito, mabinti. Yeye hageuki. Hakuna aliyefikiri kumpa chakula. Akatembea na njaa zaidi ya mwaka, mpaka Hastinapur, ambako kijana wa ukoo wake aitwaye Shreyansa akakumbuka desturi ya maisha yaliyopita, akammiminia juisi ya miwa katika viganja. Mpaka leo kuna Wajaini wanaofunga kwa mpango wa siku moja kula siku moja kufunga, zaidi ya mwaka, na wengi huja kufungulia Palitana kwa juisi ya miwa, siku ya Akshaya Tritiya, mwezi wa nne au wa tano.

Baada ya kuelimika, Rishabha aliupanda mlima huu mara nyingi. Mapokeo yanasema mara purva 99. Purva moja ni laki 84 zidisha kwa laki 84. Nilifanya hesabu dukani: ni trilioni 70 na bilioni 560. Hiyo purva moja tu. Mara 99. Kwa sababu hiyo kuna mahujaji wanaokaa Palitana miezi kadhaa wakapanda mara 99, wengine mara mbili kwa siku.

Chini ya mti wa rayan, karibu na hekalu kuu, kuna alama za nyayo zake zilizochongwa. Ndipo alipokuwa akihubiri. Na mjukuu wake, Pundarika, mwanafunzi wake mkuu wa kwanza, alifunguka hapa hapa pamoja na watawa milioni 50, siku ya mwezi mpevu wa Chaitra, mwezi wa kalenda ya Kihindi. Mlima una jina lake pia, Pundarikagiri. Mwana wa Rishabha, mfalme Bharata, ndiye wanayesema alijenga hekalu la kwanza. Na kati ya wale 24, wanasema 23 walifika mlimani. Neminatha peke yake hakupanda.

Kwa hiyo kwa Mjaini wa madhehebu ya Shvetambara, wale ambao watawa wao huvaa nyeupe, mlima wenyewe ndio mtakatifu, jiwe kwa jiwe. Hekalu ni nguo tu umevishwa.

#4 Mchangiaji

Mleta uzi nakuheshimu, ila trilioni 70? Dunia yenyewe wanasayansi wanasema ina miaka bilioni nne na nusu. Tunaposoma historia tutenganishe mchele na chuya.

#5 Mleta uzi

Mkuu, umesema kweli, na nitatenganisha. Ila namba zile sizioni kama chuya. Ukikaa na mtu anayeamini nafsi yake imeshazaliwa mara zisizohesabika, na bado hajajifungua, utaelewa kwa nini miaka elfu mbili kwake ni jana. Zile sifuri zinamwambia umechelewa, panda.

Historia ya maandishi na mawe ni hii.

Karne ya 12 Gujarat ilitawaliwa na mfalme Kumarapala, aliyeufuata sana Ujaini. Hekalu kuu la Adinatha lilikuwa la mbao. Waziri Udayana alipita pale akielekea vitani, akakaa kusali. Wakati anasali akaona panya amebeba utambi unaowaka kutoka kwenye taa, anakimbia nao kuelekea tundu lake kwenye mbao. Utambi ukazimwa, lakini waziri moyo haukutulia. Akaweka nadhiri: nitalijenga upya kwa mawe. Vitani akajeruhiwa, na pumzi zake za mwisho zikawa za kuilalamikia ile nadhiri. Mwanawe Bahada akaibeba. Hekalu la mawe likasimama katikati ya karne hiyo.

Hapo kuna kisa ambacho mzee alikisimulia sauti ikikatika. Bahada alikuwa anaweza kugharamia peke yake, lakini matajiri walimwomba washiriki, akafungua orodha ya michango. Akaja mtu mmoja maskini, Bhima, mchuuzi wa samli, shati limeraruka. Akatoa sarafu chache alizokuwa nazo, zote. Bahada akaandika jina lake juu kabisa ya orodha. Matajiri wakanung'unika. Akawajibu kwamba ninyi mmetoa sehemu ya mlicho nacho, na mimi pia, huyu ametoa chote.

Mwaka 1313, enzi za sultani Alauddin Khalji wa Delhi, askari walipanda mlima wakavunja. Miaka miwili baadaye tu, 1315, Samara Shah, mfanyabiashara Mwoshwali wa mji wa Patan, alishamaliza kulitengeneza. Likaharibiwa tena baadaye. Mwaka 1531 Karma Shah, mfanyabiashara wa nguo wa Chittor, akasimika sanamu ya Adinatha iliyopo mpaka leo, na kila mwaka siku ya kumbukumbu yake watu hufurika. Wajaini wanahesabu hayo kuwa matengenezo makuu ya 16, tangu lile la Bharata. La 17 bado halijafika.

#6 Mchangiaji

Hapo kwenye kuvunja, mkuu, umepita haraka. Waliovunja ni Waislamu wenzetu, sema tu. Mimi ni Muislamu na nauliza kwa nia ya kujua.

#7 Mleta uzi

Na mimi ni Muislamu, kaka, na nilikuwa na donge hilo hilo kooni nilipokuwa juu. Ndiyo, waliovunja walikuwa askari wa sultani Muislamu. Siwezi kulipaka rangi.

Lakini shika na hili. Samara Shah alipotaka kujenga, alikwenda kwa Alp Khan, gavana wa Gujarat aliyewekwa na Delhi ile ile. Alp Khan akampa hati ya ruhusa, na hekalu likasimama chini ya ulinzi wake. Karma Shah naye inasimuliwa alimkopesha fedha Bahadur Shah alipokuwa mwanamfalme aliyekimbia kwao, amejificha Chittor. Bahadur alipokalia kiti cha usultani wa Gujarat, akamrudishia wema kwa kibali cha kujenga. Kisha miaka ya 1580 Akbar, mfalme wa Wamogoli, watawala Waislamu wa India, alimwita mtawa wa Kijaini Hiravijaya, akakaa naye akamsikiliza, na kodi waliyokuwa wakitozwa mahujaji ikaondolewa.

Na mlimani penyewe, karibu na ukuta wa mahekalu, kuna kaburi la Muislamu, Angar Pir. Wanawake waliokosa watoto huweka pale vitanda vidogo vya kubembelezea mtoto, vya kuchezea. Niliviona, vimepangwa kwa wingi. Nikasoma Fatiha. Kijana wa Kijaini aliyekuwa akinionyesha njia akasimama pembeni mpaka nikamaliza.

#8 Mchangiaji

Mashallah. Endelea kaka. Na wale matajiri wa baadaye, mbona kila anayejenga ni mfanyabiashara? Wafalme walikuwa wapi?

#9 Mleta uzi

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Ndiyo, ni wafanyabiashara. Mjaini aliyeshika dini hataki kazi ya kuua hata mdudu, basi kwa karne nyingi wengi wamekuwa watu wa duka, vito, nguo na mikopo. Mlima ule umejengwa na watu wanaoandika "deni" na "mkopo" kwenye vitabu, watu wa kazi yangu mimi.

Kati ya tuk zote, iliyo juu kabisa ina hekalu la Chaumukh, nyuso nne. Ndani Adinatha anatazama pande zote nne kwa sanamu nne zilizogeuziana migongo. Watu wanasimulia hivi:

Palikuwa na mfanyabiashara wa mji wa Vanthali, Savchand. Meli zake zimechelewa, uvumi umeenea kwamba zimezama. Mtu mkubwa aliyeweka fedha kwake akaja kuzidai zote, sasa hivi. Savchand hana. Akaogopa aibu kuliko kifo. Akakaa akaandika hundi (neno letu hundi limetoka kwao, wakuu) ya kulipwa na tajiri wa Ahmedabad aitwaye Somchand. Hamjui. Hawajawahi kufanya biashara. Wakati anaandika, machozi mawili yakadondoka juu ya wino.

Mdai akafika Ahmedabad. Karani wa Somchand akafungua vitabu, akatafuta jina la Savchand, ukurasa kwa ukurasa. Halipo. Akampelekea bosi wake. Somchand akaigeuza ile karatasi, akaona wino umetawanyika mahali pawili. Akaelewa. Akasema, lipa. Karani akauliza, niandike kwenye akaunti ya nani? Akamwambia, andika matumizi ya nyumba yangu.

Meli hazikuzama. Savchand akaja Ahmedabad na fedha zote na faida juu yake. Somchand akakataa: vitabu vyangu havionyeshi kwamba unanidai wala nakudai, nitapokeaje fedha isiyo yangu? Savchand naye hawezi kurudi nayo. Wakabishana, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mwisho wakaipandisha mlimani, ikawa hekalu.

Hiyo ni hadithi. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba Chaumukh ilisimikwa mwaka 1618 na ukoo wa wafanyabiashara wa Ahmedabad, na watu huiita tuk ya Sava-Somji. Lakini niseme tu, nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa na kalamu mkononi, nimefungua leja ya wadeni, na nilishindwa kuendelea kuandika siku ile.

Zamani kati ya vilele viwili vya mlima palikuwa na bonde refu la kutisha. Karne ya 19 Motisha, tajiri wa meli wa Bombay, aliamua kulijaza. Lote. Mawe na udongo vikapandishwa kwa mabega ya watu miaka, kisha juu ya kifusi akajenga tuk nzima. Alifariki 1836 kabla ya kuiona ikisimikwa, mwanawe akamalizia. Sehemu ya mali yake ilitokana na kasumba iliyouzwa China, na hilo nalo lisemwe, maana waliobeba mawe na walioivuta kasumba hawana majina mlimani.

#10 Mchangiaji

Nasoma nikiwa Parklands, Nairobi. Jirani yangu, mama wa Kioshwali, alifunga ule mfungo wa siku kwa siku. Alipomaliza familia nzima ilisafiri naye India, na aliporudi alituletea picha akinyweshwa juisi ya miwa. Sikujua kisa chake mpaka leo. Asante sana mleta uzi. Swali: mlima ni mali ya nani kisheria? Serikali?

#11 Mleta uzi

Ahsante dada. Umenigusa, mpe salamu.

Mlima unasimamiwa na wakfu unaoitwa Anandji Kalyanji, makao yake Ahmedabad. Jina linasikika kama la mtu, lakini hakuna mtu huyo, ni maneno ya heri tu, furaha na neema. Katiba yake iliandikwa 1880.

Ugomvi wa umiliki ulikuwa mkubwa. Wakati wa Wamogoli sonara wa Ahmedabad, Shantidas Jhaveri, alipata hati za kifalme kwamba Palitana iko mikononi mwa Wajaini. Lakini mtawala wa pale, ambaye cheo chake ni Thakore, alisema ardhi ni yake, na alikuwa akilipwa kila mwaka kwa kuwalinda mahujaji. Chini ya Waingereza malipo yakapangwa: 1886 ilikuwa rupia 15,000 kwa mwaka, kwa miaka 40. Muda ulipoisha 1926, Thakore akataka kutoza kila hujaji kichwa kwa kichwa.

Wajaini wakaacha kwenda. Miaka miwili. Hakuna aliyekanyaga ngazi. Fikiria mtu aliyefundishwa kwamba hatua moja kuelekea mlima ule inafuta dhambi za maisha mengi, na anajizuia asiende, ili mlima usiuzwe tiketi. Mwaka 1928 Lord Irwin, aliyekuwa gavana mkuu wa India, akawasuluhisha mjini Simla: rupia 60,000 kwa mwaka kwa miaka 35. Mahujaji wakarudi. India ilipopata uhuru, falme ndogo zikaisha, na malipo yale yakaisha nayo.

#12 Mchangiaji

Nilisikia huo mji umepiga marufuku nyama. Kweli?

#13 Mleta uzi

Kweli. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 walifunga kula wakisema bora wafe kuliko kuchinjwa kuendelea chini ya mlima ule. Serikali ya jimbo ikautangaza mji eneo lisilo na nyama. Mabucha yakafungwa. Mji una Waislamu wengi na watu wengine wanaokula nyama na samaki, na wako waliopoteza riziki yao. Nilikula chakula kwa mama mmoja wa Kiislamu pale mjini, dengu na chapati. Mumewe alikuwa mchinjaji. Alisema mlima anauheshimu, tangu utoto wake. Akasema pia kwamba hakuna aliyekuja kumuuliza mumewe atafanya kazi gani. Naamini yote mawili aliyoyasema.

#14 Mchangiaji

Mkuu, hatua ya kushuka hukutueleza. Uliona wakifunga?

#15 Mleta uzi

Niliona. Nilikaa karibu na Surajkund, lile bwawa ambalo wanasema mfalme Chand, aliyegeuzwa jogoo na mama wa kambo, alioga akarudi kuwa mtu. Alasiri ikaanza kuisha. Makuhani wakapita mlango kwa mlango, komeo, kufuli, komeo, kufuli. Sauti ya vyuma ikawa inasikika kutoka tuk moja hadi nyingine. Askari wa lango akaniashiria kwa mkono, twende. Miezi minne ya mvua hata mchana mahujaji hawapandi, mpaka mwezi mpevu wa Kartik, kwa kawaida mwezi wa kumi na moja, ndipo mlima hufunguliwa upya.

Nilishuka nyuma ya wabebaji wa machela. Viti vyao vilikuwa vitupu, wanakimbia ngazi wakizungumza kwa sauti. Kila nilipogeuka juu, minara ilikuwa imebaki na mwanga wa mwisho, na hakuna taa hata moja iliyowashwa dirishani.

Niliporudi Mombasa nilimletea mzee jani moja la mti wa rayan lililokuwa limeanguka chini. Hakusema kitu. Alilitia katikati ya daftari la hesabu la mwaka huo, akalifunga, akanipa niendelee na kazi.

Mwenye swali jingine aulize, nitajibu ninayoyajua. Kwa walio Mombasa, hekalu la Kijaini la Langoni, mtaa wa Mji wa Kale, lilijengwa 1963, ukipita tazama minara yake.

#16 Mchangiaji

Napita Langoni kila siku kwenda kazini. Kesho nitasimama.